Makofi ya Darasa la Nne

Wacha nianze na aibu yenyewe, tuimalize mapema, ndio tuongee mambo mengine kama watu wazima. Nilijikojolea mbele ya darasa la nne. Nilikuwa nimesimama wima, kipande ya mbao imening'inia kwa shingo, na watoto karibu mia moja wananiangalia. Na haikuwa kidogo. Ilishuka na mguu wa kulia, ikaingia kwa kiatu, na kwa vile hiyo kiatu ilikuwa na tundu mbele, ikatokea huko ikaendelea na safari mpaka deski ya kwanza. Kijana mwenye alikuwa ameketi hapo aliinua miguu polepole, bila neno, venye mtu huinua miguu mama yake akipiga deki. Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kujua choo ya shule iko wapi. Nilijua hata njia ya mkato.

Hiyo hadithi nimeisimulia sana hapa Ekalakala. Mimi niko na mashine ya kusaga karibu na soko, na watu wakingoja unga wanapenda kuchekeshwa, kwa hivyo nimekojoa mbele yao mara nyingi, kwa mdomo. Lakini huwa nawapatia nusu. Nawapatia kiatu na ile tundu, wanacheka, wanabeba unga yao wanaenda. Hii nusu ingine nimekaa nayo.

Juzi mama mmoja aliniletea mahindi kwa gunia, akaifungua mwenyewe ndio aimwage kwa mashine. Harufu ikanipata kabla sijaona kitu. Si harufu ya kuoza, hapana. Ni kama blanketi iliyofungiwa kwa sanduku ikiwa bado na maji, halafu mtu akafungua hiyo sanduku baada ya mwezi. Iko na utamu kidogo, iko na vumbi, na ikishaingia inakaa kwa koo. Nilizima mashine. Nikamwambia, "Mwaitu, hii sisagi. Hata ya kuku sisagi." Alinikasirikia vibaya, akasema ati najifanya daktari na kila mtu anajua niliacha shule form two. Ni ukweli, niliacha shule form two. Lakini hiyo harufu niliisomea darasa la nne, na sidhani kuna kitu ingine nilishika vizuri hivyo.

Ulikuwa mwaka wa pili wa masomo ya bure. Serikali ilisema watoto wote waende shule, na wote wakaenda, hata wengine wenye walikuwa wameshaanza kunyoa ndevu. Darasa letu lilijaa mpaka ukitaka kukohoa unaomba ruhusa kwa jirani. Wengine waliketi kwa madirisha. Mwalimu wetu alikuwa Madam Njeri, msichana mgeni kutoka upande wa Murang'a, mwenye alikuwa anavaa sweta ya kijani hata jua ikiwa ya kuchoma nyoka. Kikamba hakujua. Sisi Kiingereza hatukujua. Kiswahili ilikuwa na siku yake, Ijumaa, na hata hiyo tulikuwa tunaiongea kama watu wanavuka mto, tunajaribu jiwe kwanza na mguu.

Madam Njeri alikuwa na njia yake ya kufundisha, na mpaka leo nasema ilikuwa njia nzuri. Mtu anaitwa mbele, anafanya kitu, anasema kile anafanya. Anafungua mlango: I am opening the door. Darasa lote linajibu: She is opening the door. Akirudi kuketi, Madam anauliza alikuwa anafanya nini, na sisi tunanguruma kama trekta: She was opening the door. Hivyo tu, mpaka kengele ilie. Huo mlango ulifunguliwa kwa Kiingereza mpaka bawaba zikang'oka, fundi akauchukua, na sisi tukaendelea kufungua mlango wenye hauko.

Halafu kulikuwa na habari za nyumbani. Hiyo ilikuwa kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Madam anapita na safu anauliza, mama yako anafanya nini sasa hivi, baba yako anafanya nini, na kila mtoto anatoa sentensi yake. Ukiipata sawa, Madam anasema upigiwe makofi, tunapiga matatu kwa pamoja, unaketi. Ukikosa, unasimama mpaka mwisho. Sasa, hakuna mtu alisema habari iwe ya ukweli. Ilihitajika tu iwe sawa. Kwa hivyo My father is driving a car. Darasa lote, baba zetu walikuwa wanaendesha magari kwa Kiingereza. Kwa Kikamba walikuwa wanatembea kwa miguu, na wengine asubuhi hiyo walikuwa hawajaamka kwa sababu ya pombe ya jana. Mama zetu walikuwa wanapika keki. Mimi, kwa vile nilikuwa mjinga wa kupenda kuchekesha, nilisema My goat is reading a newspaper. Madam alicheka mpaka akatoa kitambaa. Makofi yangu siku hiyo yalikuwa sita badala ya matatu, na nikaanza kujiona mtu wa maana.

Na kulikuwa na diski. Hiyo ni ile kipande ya mbao nilitaja, iko na kamba, imeandikwa kwa kalamu nyeusi kwamba mwenye kuvaa ni mjinga. Ukipatikana unaongea Kikamba, unavishwa. Unazunguka nayo mpaka umsikie mwingine akiongea Kikamba, unamvisha yeye. Jioni wote wenye walivaa wanaitwa ofisini, na wakitoka huko hawataki kuketi. Kwa hivyo shule yetu ilikuwa kimya sana. Wageni walikuwa wanasema hawa watoto wako na adabu.

Ndunge tulikuwa tunaketi naye deski moja. Penseli yetu ilikuwa moja, tuliivunja katikati kila mtu akabaki na ncha yake. Alikuwa mtoto wa polepole, mwenye anatafuna maneno kabla ya kuyatoa, na alikuwa na shida moja kubwa: kudanganya ilimshinda. Hata kwa Kiingereza, mahali hakuna mtu angemshika. Sisi wengine tuko kwa magari na keki, yeye anasimama anasema My mother is digging the sand. Na kweli saa hiyo mama yake alikuwa kule chini kwa mto uliokauka, anachimba mchanga na bakuli ndio maji itoke. Nilikuwa namwambia, wee Ndunge, mpatie mama yako hata baiskeli. Kesho yake anarudia mchanga.

Mvua ilikuwa imetukosa misimu miwili. Halafu ikaja kidogo, mahindi yakajaribu, na ikarudi tena wakati mbaya kabisa, wakati mahindi yanatakiwa kukauka. Watu walikuwa na njaa ya kukata. Na mahali pako na njaa, pako na mwizi. Usiku unasikia mbwa, asubuhi unapata shamba limevunwa na mtu mwingine. Kwetu walituvunia yote. Baba alisimama katikati ya ile mabua akalaani huyo mwizi mpaka mwaitu, yaani mama yangu, akaziba masikio. Tukabaki kwa foleni ya chakula cha msaada, ile mahindi ya njano, nasi tukijiona tumelaaniwa kuliko majirani wote.

Kwa kina Ndunge walikuwa wajanja. Mama yake alivuna mapema, mahindi yakiwa bado na maji, akayatia kwa gunia, akayaingiza ndani ya nyumba. Si kwa ghala ya nje, hapana, mwizi angeyapata huko. Ndani kabisa, chini ya kitanda ya watoto, dirisha imefungwa. Baba yao alikuwa kwa machimbo ya mawe kule Mlolongo, kwa hivyo mama alikuwa peke yake na Ndunge na kakake mdogo, Kyalo, na alilala na panga karibu na hiyo gunia. Watu wengi walifanya hivyo mwaka huo. Ilikuwa akili. Mimi niliwaonea wivu, kwa sababu Ndunge alikuwa analala juu ya chakula.

Nikienda kumchukua asubuhi nilianza kusikia ile harufu. Mahindi yaligeuka rangi, yakashika kitu kama majivu ya kijani. Mama yake aliyaosha, akayaanika, akayatwanga kwa kinu akitoa ganda, ndio apike muthokoi. Baada ya kutwanga yalikuwa meupe, masafi, huwezi jua. Nani angetupa? Kwetu chakula hakitupwi hata mwaka wa kushiba. Nilikula hapo mara moja, kijiko mbili tatu, mwaitu akanivuta nyumbani kwa sikio akisema sitaenda kumaliza chakula ya watoto wa wenyewe.

Halafu Ndunge akaanza kubadilisha habari zake.

Siku ya kwanza alisimama akasema My brother is vomiting. Hiyo neno hatukuwa nalo. Aliitoa kwa kitabu ya sayansi, kwa ukurasa wa kipindupindu. Nilimwona akiitafuta na kidole, nikadhani anataka kutushinda. Darasa lilicheka kwa sababu ya sauti ya hiyo neno, na Madam akaomba kimya, akaiandika ubaoni, akatufundisha kuitamka. Akasema ni sentensi nzuri sana. Tukapiga makofi. Ndunge hakuketi mara moja. Alibaki amesimama kidogo, kama mtu anangoja chenji, halafu akaketi.

Kesho yake akasema His stomach is swelling. Madam alifurahi hata zaidi. Akauliza darasa, na jana ilikuwa inafanya nini? Tukanguruma, It was swelling. Makofi. Siku iliyofuata ikawa macho, macho ya Kyalo yanakuwa njano, halafu My mother is sleeping, She is not waking up well. Hapo Madam alimrekebisha kidogo, akamwambia hiyo well haikai vizuri hapo. Ndunge akairudia bila well. Makofi.

Mimi nilikuwa napiga na mikono yote miwili. Sijui niseme nini hapo. Nilikuwa najua Kyalo ni mgonjwa, nilikuwa namwona amelala nje kwa jua, tumbo kama ngoma. Na asubuhi hiyo hiyo nasikia sentensi ya Kyalo darasani na sikuunganisha. Ile ya darasani ilikuwa Kiingereza. Baba yangu wa Kiingereza alikuwa na gari, na nikitoka shule sikuwahi kumwomba aniendeshe.

Kijijini maneno ilikuwa imeanza. Ugonjwa wa nyumba moja tu, majirani wote wazima, hiyo watu walisema si ya hospitali. Wakakumbuka kesi ya shamba, shangazi fulani aliondoka hapo na hasira. Mwaitu aliniambia nisiingie tena kwa hiyo boma, nisimame njiani nimwite Ndunge kutoka mbali, na nisipokee chochote kutoka kwa mkono wake. Watu wa kanisa walipanga kwenda kuomba, wakapanga tena, na kila wakati kulikuwa na kitu imeingilia. Kwa hivyo nikawa nasimama kwa ua ya miti, naita, Ndunge anatoka. Kila siku anatoka polepole zaidi. Macho yake nayo yakaanza. Nikamwambia uko na macho ya paka, kwa sababu huo ndio mzaha nilikuwa nao, na akacheka kidogo, na hiyo ndio mara ya mwisho nilimwona akicheka mwaka huo.

Ikafika asubuhi yenye niliita na hakuna mtu alitoka. Nikaita tena. Kuku walikuwa kwa mlango wanakwaruza, kumaanisha hakuna mtu aliwafungia jioni, wamelala nje. Moshi hakuna. Nikavuka ua hata kama nilikatazwa, nikafika mlangoni, ile harufu ikanishika koo, nikasikia mtu ndani anapumua kama anapiga msumeno. Niliita Ndunge kwa jina. Akajibu kitu, sauti ndogo, na sikufungua. Nilikimbia. Sikukimbia kwetu, kwa sababu kwetu ningepigwa kwa kuingia. Nilikimbilia shule, na nilifika nimechelewa, habari za nyumbani ziko katikati.

Madam hakunipiga. Aliona nahema, akaniambia nisimame nitoe sentensi. Watoto wakaanza kutabasamu mapema, walijua mimi ni wa mbuzi na gazeti. Akaniuliza, kwa vile deski yetu ilikuwa na pengo, Where is Ndunge? What is she doing?

Nikasema, "Ndunge is dying."

Madam akafikiria kidogo. Akasema ndiyo, die ikiwa dying, ile ie ya mwisho tunaigeuza iwe y, vizuri sana, wengi hukosea hapo. Akageukia darasa. Wakanipigia makofi matatu.

Sikuketi. Aliniambia niketi, sikuketi. Nilikuwa natafuta neno lingine kwa Kiingereza na kila kitu nilikuwa nacho kilikuwa mlango. Ninafungua mlango. Ninafunga mlango. Ninatembea kwa ubao. Nilifungua mdomo, nikaufunga tena, na darasa likacheka kwa sababu walidhani naanza vichekesho. Hapo ndio nilienda mpaka deski ya pili, mahali kijana mmoja alikuwa amevaa diski tangu jana, nikaivua kwa shingo yake. Hakuna mtu ashawahi kuivua kwa mtu mwingine. Alinishika mkono akidhani nimepata wazimu. Nikaivaa mimi. Nikarudi mbele, nikasimama karibu na Madam, na ndio ile maji ikaanza kushuka, kwa sababu nilijua jioni itakuwa aje, na kwa sababu ya ile sauti ya msumeno. Na nikiwa hivyo, mguu mmoja umelowa, nikaongea Kikamba. Nilisema yote. Nilisema kina Ndunge wamelala ndani hawafungui, kuku wako nje, Kyalo hapumui vizuri au ni mama, sijui ni nani, watu wanaogopa kuingia, Madam, watakufa huko ndani.

Wenye walikuwa wanacheka waliacha mmoja mmoja. Si kwa sababu ya mkojo. Walikuwa wanasikia.

Na Madam naye alikuwa anasikia. Watu wa Murang'a na sisi lugha zetu ni ndugu. Mtu akiongea haraka wanapotea, lakini kufa ni kufa pande zote mbili. Nilimwona uso ukibadilika. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia ubao, mahali bado kulikuwa na kazi ya jana haijafutwa, na juu yake ile sentensi ya tumbo, imebaki huko tangu siku ile. Alisimama hapo akiisoma kama hajawahi kuiona na ni yeye aliiandika.

Halafu alitoka mbio. Alimwita mwenye duka ya hapo karibu aje na pikapu yake, na mwenye duka alikuja mpaka kwa ua ya kina Ndunge akasimama, hakutaka kupita hapo. Wanaume wengine pia walisimama. Sasa mtajua watu wa kwao Madam, huko Murang'a, wanaogopa uchawi wa Kikamba kuliko sisi wenyewe. Wanasimuliana mambo yetu mpaka wanakosa usingizi. Madam Njeri alipita katikati ya hao wanaume na sweta yake, akaingia ndani ya hiyo nyumba peke yake, akatoka amebeba Ndunge mgongoni venye mtu hubeba kuni. Alimweka kwa pikapu, akarudi ndani. Aliwaambia kitu kwa Kikuyu, na sidhani walielewa, lakini wanaume wawili wakamfuata.

Kyalo alikuwa amekufa tangu alfajiri. Mama yao alifika hospitali Matuu, wakaandika jina lake, na hakufika jioni. Ndunge walimpeleka mbele, Machakos, akakaa huko muda mrefu. Baada ya hapo tukaanza kusikia nyumba zingine, upande huu na upande ule, wenye hawakuwa na kesi ya shamba na mtu yeyote. Watu wa afya wakaja na mifuko wakachukua mahindi, wakatuambia ni kuvu, na hiyo sumu yake haitoki ukiosha, haitoki ukitwanga, haitoki ukichemsha siku nzima. Ile ya chini ya kitanda ilichomwa. Baba alisikia hayo akiwa ameketi kwa kigoda, akasema wale wezi waliiba kifo chetu, na hajui walikipeleka wapi. Hakuwahi kuwalaani tena.

Mimi sikupigwa hiyo jioni. Hakuna mtu aliitwa ofisini. Diski yenyewe sikuiona tena, na sijui nani aliitoa kwa shingo yangu.

Madam alirudi darasani baada ya siku kadhaa. Hakutuita mbele kufanya vitendo. Aliandika kazi, tukaandika. Asubuhi moja msichana mmoja wa mbele, kwa kuzoea, alisimama bila kuulizwa akasema My mother is cooking chapati. Tukainua mikono kupiga. Madam aligeuka, chaki bado iko ubaoni, akamuuliza huyo mtoto kwa Kiswahili, na haikuwa Ijumaa, "Ni ukweli?"

Msichana alishtuka. Akasema hapana, Madam. Madam akamwambia aketi, ni sawa. Na sisi tulibaki na mikono hewani, hatujui tuipeleke wapi. Mwisho wa muhula aliomba kuhamishwa. Walimu wengine walisema ni joto ya huku ilimshinda.

Nilifikiria kwa miaka mingi kwamba hii ni hadithi ya kunihusu. Mtoto mjinga, mkojo, halafu mtoto mjinga anaokoa rafiki yake. Ukiisimulia hivyo inakaa vizuri, na watu wakingoja unga wanafurahi. Nimekuja kuelewa si hivyo nikiwa mtu mzima, nikiwa na watoto wangu wenye wanakuja kuniambia vitu jikoni na mimi nasema eeh, vizuri, bila kugeuka. Wakati mwingine nazima jiko nawauliza warudie. Wananiona nimeanza kuzeeka.

Ndunge alirudi muhula uliofuata, siku moja tu. Alikuwa anaenda kuishi na mama mkubwa wake huko Kalama, wakapita shule kuchukua barua ya uhamisho. Alikuwa amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba, na sare ilikuwa mpya, inamtoshea watu wawili. Mama mkubwa akaingia ofisini, sisi tukaketi nje kwa kivuli ya tangi ya maji. Nilikuwa nimengoja anishukuru. Nilikuwa hata nimejitayarisha nitajibu nini, ati aah, ni kitu ndogo. Hakunishukuru. Kwa hivyo nikamuuliza, na niliuliza kama namlaumu kidogo, kwa nini hukusema? Tuliketi deski moja. Ungenionyesha tu kando, kwa Kikamba, hata diski ingekuja ningeivaa mimi.

Alitafuna maneno venye alizoea. Akasema kila asubuhi mwaitu wake alikuwa anamwambia, hata wakati hakuweza kuinuka, nenda uambie mwalimu. Na akirudi jioni mwaitu wake anamuuliza, umemwambia? Anasema nimemwambia. Na amesema nini? Amesema vizuri sana.

Ndunge hakuwa na hasira. Aliongea taratibu, kama mtu anajaribu kukumbuka kitu ya zamani sana.

"Mimi nilikuwa nafikiria," akasema, "ni nyinyi ndio hamjui Kiingereza."